Biti ya ski ya 4.1x9: uzoefu wangu mimi fundi wa kabati hapa Nakuru

Najua swali la kwanza, ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kutelezea kwa theluji, Nakuru ni za nini? Barafu yenye iko karibu na sisi ni ya Mlima Kenya na hata hiyo inazidi kupungua. Ni hivi, mtoto wa dada yangu ako Austria, anafanya kazi hoteli moja huko milimani, na mwezi wa kumi kabla msimu wao uanze akakuja nyumbani wiki tatu na begi refu jembamba utadhani ni jeneza la nyoka. Ndani mlikuwa na ski mbili mpya kavu, hazina zile klampu za kushika kiatu wanaita baindingi, baindingi ziko kwa boksi yake kando. Ati huko dukani kufungiwa ni pesa na yeye ana anko fundi. Ni ile tabia yetu ya kurudi nyumbani na suruali ikatwe na fundi wa mtaa, tofauti ni kwamba suruali ikikatwa vibaya mguu hauvunjiki.

Mimi natengeneza kabati za jikoni na wadrobu, kibanda kiko pande za Shabab, huu ni mwaka wa 14. Mashimo natoboa mpaka nayaota. Kwa hivyo kijana aliponiwekea mezani biti mbili za kutobolea mashimo ya baindingi, amenunua kama euro 20 kila moja, yaani karibu elfu tatu, na biti yenyewe haifiki hata urefu wa kidole, nilicheka hadi jirani wa welding akakuja kuuliza kuna nini. Kwa hadiwea biti ya 4 ya chuma nachukua kwa mia moja. Nikamwambia weka pesa yako, anko atatoboa na ya 4, seloteipu nyekundu kwa biti ya kuonyesha mwisho, tumalize kabla ya chai.

Akasema anko ngoja kidogo. Na ni vizuri nilingoja, juu saa hii ningekuwa nalipa ski.

Hiyo biti iko hivi: ncha imechomoza milimita 9 peke yake, halafu inafuata kola nene yenye haiwezi kuingia shimoni. Ukifika 9 kola inagusa na imeisha, hata usukume na goti. Wale wenzangu wa kabati mnajua biti ya konfamati yenye ngazi, ile ya 5 halafu 7, basi ni ndugu yake, ila hii kazi ya ngazi si kupanua shimo, ni kukuzuia. Na kwa ski shida kubwa ni kina. Ubao wetu ni milimita 18, ukipitiliza mbili hakuna mtu atajua. Ski ni kitu chembamba na chini kuna ile plastiki laini ya kutelezea, ukitokea huko umeharibu, na hata usipotokea, ukikaribia sana skrubu inaweza kuisukuma ikaleta uvimbe na hiyo ski itakuwa inateleza kama gari yenye tairi moja iko na bonge.

Bado sikuamini, mimi ni mtu wa kujionea. Jioni nikachukua kipande cha MDF, nikabandika juu yake kipande cha aluminiamu nilichoomba kwa wale wa madirisha, nikatoboa mashimo kumi na biti yangu ya seloteipu na kumi na ya kijana. Nikapima na vernia. Yangu, na nilikuwa makini kweli kweli, yalitoka kati ya 8 na 11. Seloteipu ikipata joto inapanda juu polepole na huoni, halafu biti ikimaliza kukata ile aluminiamu inadumbukia ghafla kwa mbao, na mkono hauna breki. Ya kijana yalikuwa 9 yote isipokuwa mawili ya 8 na kitu. Hayo mawili nitayarudia.

Sasa kuchagua kati ya biti ya 3.6 na ya 4.1, yaani upana wa tundu kwa milimita, hapa ndio watu huchoma. Hauchagui kwa macho wala kwa kupenda, unasoma ski. Karibu na katikati, juu ama ubavuni, kuna maandishi madogo sana yanakwambia, na hizi zilikuwa zimeandikwa 4.1x9. Sababu ni hii: skrubu za baindingi ni nene, uzi wa nje unafika kama milimita 5.5. Kama ndani ya ski ni mbao tu unatoboa 3.5 ama 3.6 ili uzi ubaki na nyama ya kuuma. Lakini ski nyingi za mteremko ziko na karatasi ya chuma ndani, aloi ya aluminiamu wanaita Titanal, na ukipeleka hiyo skrubu nene kwa tundu la 3.6 ndani ya chuma, inabanwa, inainua chuma na ngozi ya juu inavimba mviringo kama chunusi. Ndio 4.1. Ukigeuza pia ni makosa, 4.1 kwa mbao tupu skrubu itauma kidogo sana, na hiyo ndiyo inashika mtu akishuka mlima mbio. Za watoto ni nyembamba zaidi, utapata imeandikwa 3.5x7, so usidhani 9 ni ya kila ski.

Na kabla mtu aseme Mkenya na ski wapi na wapi, mkumbuke Philip Boit wa Eldoret, Olimpiki ya msimu wa baridi kule Nagano, Japani, 1998, mbio za ski kilomita 10, akamaliza wa mwisho na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja pale kwa laini amkumbatie. Za Boit zilikuwa zile nyembamba za masafa, kisigino hakifungwi, na za aina hiyo kawaida yao ni 3.6. Nasema juu mtu anaweza kuletewa hizo na kukuja kwangu kuazima 4.1, sitampa.

Kitu kimoja hakiuzwi na biti na kilitaka kutumaliza ni ramani ya mashimo. Ni karatasi unachapisha, unaweka juu ya ski, unapiga alama na senta panchi. Tukaenda saiba moja mjini, kijana wa hapo akachapisha vile kompyuta yake imezoea, kupunguza ili ienee kwa ukurasa. Karatasi kwa macho iko sawa kabisa. Kwa bahati huwa kuna mstari wa kujipima, umeandikwa milimita 100, nikaweka rula, 97. Mnaona ni kidogo? Kiatu chake kimeandikwa 307 ubavuni, hiyo ndio soli kutoka mbele hadi nyuma, piga hesabu ya tatu kwa mia uone kisigino kingeenda wapi, karibu milimita 9 nje. Tukarudi tukamwambia achapishe asilimia 100 bila kupunguza kitu, akanung'unika na karatasi tukalipa mara mbili. Ningetoboa na ile ya kwanza biti ya elfu tatu ingenitobolea kwa usafi kabisa mahali pasipofaa.

Siku yenyewe tulianza saa nne. Skrubu zake ni nane kila ski, jumla 16. Biti inakata tamu, hilo nimpe, haitangitangi ikishapata alama ya panchi, inatoa nyuzi za chuma halafu unga wa mbao na unaona kabisa ni wapi umebadilisha nyumba. Mimi nilienda mwendo wa chini, bila kile kinyundo cha drili ya ukuta, tafadhali kizimeni. Kisha nikapitisha tapu, kijana alikuja nayo, namba yake ni 12AB, unachonga uzi kwa mkono kabla ya skrubu kuingia, kwa chuma ndio inazuia ile chunusi nimesema. Tone la gundi ya mbao ya kuzuia maji kwa kila tundu, skrubu ndani.

Halafu hii usisahau, kile kichwa cha skrubu utaona nyota na uchukue bisibisi ya nyota. Angalia vizuri, kati ya mikono ya nyota kuna vimistari vidogo, hiyo ni Pozidriv namba 3, PZ3. Sisi wa chipbodi tuko na PZ2 debe zima, haitoshi, inacheza inakula kichwa. Nilizunguka duka tano mjini ndio nikapata PZ3 moja, shilingi 150, na huyo wa duka alikuwa anaiuza kama nyota kubwa.

Shimo la 11 niliharibu. Sio biti, ni mimi, nilichoka na bisibisi nikachukua ile mashini ya kugonga, sekunde moja tu, skrubu ikazunguka bure. Kijana hakusema kitu, aliangalia tu kwa paa ya kibanda. Tukasafisha, tukatia epoksi na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ile laini kabisa, tukangoja siku nzima ikakauka, nikaifunga na mkono pole pole na ikashika. Nilimwambia ukweli kwamba hiyo moja aimulike huko, na kwamba hata zote zikishika, ile nguvu ya kuachia mguu ukianguka si kazi yangu, hiyo wapime na mashini yao na kiatu kikiwa ndani. Alienda wakapima, akalipa hiyo kidogo, wakamuuliza nani amefunga.

Sasa malalamiko. La kwanza ni yale mashimo mawili ya 8 na kitu. Vumbi na nyuzi za chuma zinakwama chini ya kola, kola inakalia takataka badala ya ski, unadhani umefika kumbe bado. Toboa, toa, puliza, rudisha, kila shimo. La pili, kola ikishagusa na uendelee kubonyeza inazunguka palepale inachora duara kwa rangi. Niko na duara mbili kwa ski ya kushoto, baindingi imezifunika, msimwambie. La tatu ndilo linauma mfuko, hii biti hainoleki. Biti zangu zote nanoa kwa grainda mpaka zinakuwa fupi kama meno ya mzee, lakini hii ukinoa ncha umekula ile 9, inakuwa 8 na nusu, na basi imekuwa biti ya kitu kingine. Kwa hivyo ni ya kutumia ikiwa kali na ukiona inaanza kulia kwa chuma unanunua nyingine.

Kama ni kupa nyota, 4 kati ya 5. Kwa mtu wa kufunga ski moja maishani, bado singemwambia atumie ya mia na seloteipu, nilipima mwenyewe nikaona. Kama ameikosa kabisa basi achukue ya 4 ya kawaida, aivalishe kipande cha bomba ngumu ama mti uliotobolewa, kikatwe ibaki 9 nje, sio tepu, na ajaribu kwa kipande cha mbao kwanza.

Kijana aliniachia zote mbili. Wiki iliyofuata yule dogo ananisaidia kazi aliikuta ya 4.1 kwa drili, akaona inasimama yenyewe, akafurahi, akatoboa hinji za kabati nzima ya mama mmoja wa Section 58, milango sita. Skrubu za hinji zetu ni za 4. Nilipofika alikuwa anazitia na kidole, zinaingia zenyewe kama njugu kwa chupa, na mlango wa kwanza ulikuwa tayari umelala sakafuni.