Taulo nzito au za kati? Uzoefu wangu wa taulo mpya za pamba hapa Moshi

Nina vyumba vichache vya kupangisha upande wa Rau, na wageni wangu wengi ni watu wanaosubiri kupanda Kilimanjaro au waliotoka kushuka. Kwangu taulo ni kitendea kazi, inafuliwa mara nyingi kuliko shuka. Nilipozibadilisha zote kwa mkupuo nilichukua za aina mbili: nzito, ambazo lebo yake inasema gramu 650 kwa mita ya mraba, na za kati, gramu 500. Zote nyeupe, zote sentimita 70 kwa 140, zote zimeandikwa pamba asilimia 100. Zimeshapita kiangazi, masika na ile baridi ya Juni, kwa hiyo sasa naweza kuzisema vizuri na vibaya.

Kabla ya kufua, niseme kuhusu lebo, maana lebo si Msahafu. Uzito unapimika. Taulo ya 70 kwa 140 ina eneo la karibu mita moja ya mraba, hivyo ile ya gramu 500 inatakiwa iwe na uzito wa karibu gramu 490 ikiwa kavu, na ya 650 karibu gramu 640. Ukiwa na duka la nafaka mtaani lenye mizani ya kidijitali, muuzaji atakushangaa lakini atakupimia. Zangu zilikuwa sawa. Pamba nayo inapimika: chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, umeuziwa plastiki. Jaribio hili linafaa hasa kwa zile zinazopangwa chini barabarani kwa bei ya kutupa, ambapo kila kitu kinaitwa pamba.

Siku ya kwanza taulo zote zilinikera. Laini kweli kweli dukani, lakini ukijifutia, maji yanatelezea juu yake. Dada anayenisaidia kufua alinyanyua moja nzito akaniambia, "Mama, hili si taulo, hili ni blanketi, tena linakataa maji." Ndivyo zilivyo taulo mpya nyingi. Kiwandani zinapakwa dawa ya kulainisha, mara nyingi yenye silikoni, ili zivutie mkononi mwa mnunuzi. Ile dawa inafunika nyuzi za pamba na maji hayapati pa kuingilia. Kwa hiyo asiyefua taulo kabla ya kuitumia anajifutia dawa ya kiwanda, kisha analalamika kwamba taulo ni feki. Usiihukumu taulo hadi imefuliwa mara kadhaa. Zangu za kati zilianza kunywa maji vizuri mapema. Zile nzito zilichelewa zaidi, kwa sababu vitanzi vyake ni virefu na dawa imejificha ndani.

Ufuaji wa kwanza hauna uchawi. Maji ya uvuguvugu, yasiyounguza mkono, na sabuni ya unga nusu ya unayozoea. Sabuni nyingi ndiyo inayoharibu, kwa sababu haiishi kwenye kusuuza, inabaki kwenye vitanzi na kukauka nayo. Kwenye maji ya kusuuza naweka siki nyeupe, kama nusu kikombe kwa beseni kubwa; inasaidia kuondoa mabaki ya sabuni, na harufu yake inaisha taulo ikikauka. Zifue peke yake. Zitatoa manyoya, hilo ni kawaida kwa nyuzi fupi zilizobaki baada ya kufumwa, na ukizichanganya na suruali nyeusi utashinda unachambua. Za rangi nazo huchuja mara ya kwanza, zisikae na nyeupe. Tahadhari moja ya lazima: siki na jiki zisikutane kwenye beseni moja. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi hazina hata dirisha la maana.

Zile dawa za kulainisha nguo zenye harufu ya maua nimeziondoa kabisa kwenye taulo. Kuna kipindi nilipeleka fungu moja kwa dobi wa mashine hapa mjini, likarudi linanukia mpaka ukumbini, limekunjwa vizuri, na halikaushi mtu. Dawa hiyo inafanya kazi ileile ya kiwandani: inapaka nyuzi utando. Kwenye sweta sawa. Kwenye taulo unalipia tatizo ambalo ufuaji wa kwanza ulikuwa umeshaliondoa.

Sasa tuje kwenye kuanika, na hapa ndipo aina hizi mbili zilipoachana.

Januari na Februari, jua la Moshi likiwa limekolea, hakuna ugomvi. Unaanika asubuhi, mchana unaanua zote, nzito na za kati. Lakini msimu mkubwa wa wapanda mlima unaanza Juni, na Juni na Julai ndiyo miezi ambayo huku wingu linakaa juu yetu siku nzima na mlima wenyewe hauonekani. Wageni wanajaa wakati ambao kamba haikaushi. Taulo ya kati niliyoanika asubuhi jioni ilikuwa kavu, au imebakiza unyevu kidogo kwenye pindo. Nzito ilikuwa bado mbichi katikati, inalala kwenye kamba, na kesho yake ina ule uvundo ambao kila mtu anaujua. Uvundo ni bakteria wanaokula mafuta na ngozi ya mwili vilivyobaki kwenye vitanzi, na wanachohitaji ni unyevu unaokaa muda mrefu. Kuikamua kwa mkono nayo ni kazi nyingine. Inabidi watu wawili, kila mmoja ashike upande wake.

Dada yangu anaishi Njiro, Arusha, nikampa moja ya kila aina. Arusha iko juu zaidi ya Moshi, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai kule haina mzaha. Nzito aliirudisha. Alinipigia akasema, "Dada, hii nipe nikijenga nyumba yenye mashine ya kukaushia."

Uvundo ukishaingia, taulo nyeupe ya pamba inavumilia kuchemshwa. Sufuria kubwa, jiko la mkaa, kisha juani. Pamba ikilowa haidhoofiki, nyuzi zake zinakuwa imara zaidi kuliko zikiwa kavu, ndiyo maana inastahimili mateso haya. Usijaribu hivyo kwenye taulo ya rangi.

Na ule ukakamavu wa taulo iliyoanikwa? Maji kidogo yanayobaki kwenye nyuzi ndiyo yanayozigandisha zenyewe kwa zenyewe zinapokauka zimetulia. Kung'uta kwa nguvu kabla ya kuanika, kung'uta tena wakati wa kuanua, inatosha. Siku ya upepo zinatoka laini bila kuguswa. Mwenye maji magumu ya kisima ana shida ya ziada: kalsiamu na magnesiamu zinashikana na sabuni ya mche na kuacha ukoko kwenye nyuzi. Nimesikia watu wa Arusha wakiisingizia floraidi. Floraidi inachafua meno, hilo halina ubishi, lakini kukakamaa kwa taulo kunatokana na ile chokaa.

Kuhusu madoa, wageni wa mlimani wana mambo yao. Vumbi la kule juu ni laini kama poda, na wakishukia njia ya Mweka wanaongezea na tope la msituni. Hilo linatoka: acha likauke, kung'uta, loweka kwenye maji baridi, ndipo ufue. Kinachonisumbua ni mafuta ya kuzuia jua. Mengi yana kemikali inayoitwa avobenzoni, ambayo ikikutana na madini ya chuma kwenye maji inaacha madoa ya rangi ya kutu, hasa pale mgeni alipofutia uso na shingo. Mtu anaona doa, anakimbilia jiki, na doa linakolea. Mimi napaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwanza, kwa kuwa doa lina mafuta, halafu juisi ya limao na chumvi, naiacha juani kidogo kabla ya kufua. Madoa mapya yanatoka au yanafifia sana. Ya zamani yanabaki, taulo inahamia jikoni.

Mengine ni madogo. Kitanzi kikivutika kikatokeza, kata kwa mkasi, usikivute. Taulo imefumwa kwa uzi wa tando na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana, haifumuki kama sweta. Pindo la mapambo kwenye zile za kati limejikunja baada ya kufuliwa, kwa sababu pamba imerudi kidogo na uzi wa mapambo haukurudi nayo. Sura imepungua, kazi haijapungua. Zile nzito hazijajikunja, nazipa haki yake.

Bei ya nzito moja ilikaribia za kati mbili, na kwa mtu anayeanika kwenye kamba sioni alicholipia zaidi ya ile raha ya kuigusa. Hoteli yenye mashine ya kukaushia, inunue. Nyumbani, na kwa vyumba kama vyangu, nitaongeza za gramu 500, hata 450 sitazikataa. Nzito nilizonazo sijazitupa: zinatoka Januari na Februari, na kabla ya baridi zinarudi kabatini zikiwa zimekauka kabisa, bila mfuko wa plastiki.