Huduma ya kutafuta mvujo wa bomba kwa mashine: uzoefu wangu, Dar

Kwa wanaouliza kama hizi mashine za kusikiliza mabomba zinafanya kazi kweli au ni namna nyingine ya kuliwa pesa: zinafanya kazi, ila maji yawepo bombani. Hilo la pili matangazo yao hayalisemi.

Nasimamia nyumba za kupangisha Mbezi Beach. Bili ilipanda zaidi ya mara mbili, wapangaji walewale, matumizi yaleyale. Usiku nikafunga valvu inayoingiza maji kwenye simtanki, na bado kile kigurudumu kidogo cha mita kikawa kinazunguka taratibu. Usikidharau. Lita 1 kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, karibu uniti 43 kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000) zinazama ardhini. Na kwa mchanga wetu wa huku huoni hata unyevu, maji yanashuka moja kwa moja. Fundi wangu wa siku zote akashauri tung'oe pevingi kuanzia getini mpaka kwenye tanki. Nikakataa, najua ile pevingi ilivyotugharimu.

Kampuni niliyoipata ilileta vijana mchana, siku ya mgao wa maji, bomba halina kitu. Wakafungua masanduku, wakavaa hedifoni, hamna kitu. Bomba lisilo na presha halitoi sauti, na hilo wangeweza kuniuliza kwenye simu. Waliporudi usiku, maji yametoka na bodaboda zimepungua, ndipo nikaona kazi.

Walianza na maikrofoni ya kuweka chini. Wakanivisha hedifoni: karibu na mita kimya, tukasogea kuelekea maegesho ikaanza shhh nyembamba, kama chapati inapogusa mafuta ya moto, mbele kidogo ikafifia. Kisha wakafunga sensa mbili, yaani vifaa vya kunasa sauti, moja kwenye mita, nyingine kwenye valvu ya tanki. Mashine inapima sauti ya mvujo imefika kwenye sensa ipi kwanza na kwa tofauti ya muda gani, halafu inapiga hesabu ya umbali. Lakini lazima uiambie bomba ni la nini, kipenyo chake na urefu wake. Kwenye chuma sauti inakwenda kasi na mbali. Kwenye plastiki inakwenda polepole na kufa mapema. Letu linaanza chuma, linaunganishwa na plastiki, na aliyelilaza hakuacha mchoro. Basi mashine ikaonyesha pale, masikio ya yule kijana yakaonyesha hapa. Akagoma kuchimba kwa kubahatisha. Hapo nilimheshimu.

Wakafunga maji, wakaingiza gesi: hidrojeni asilimia 5, nitrojeni asilimia 95. Mchanganyiko huo hauwaki, niliuliza mapema maana kuna mpangaji anapikia karibu na hapo. Hidrojeni ni nyepesi mno, inapenya mchanga na kutokea kwenye nafasi za pevingi, na kile kifaa chao cha kunusa kikaanza kulia pembeni ya nguzo ya maegesho. Tuliinua vitofali vichache tu. Kiungio cha chuma na plastiki kilikuwa kimelegea, kinavujia upande wa chini.

Malalamiko ninayo. Gesi inalipiwa kando, na bei nilitajiwa mtungi ukiwa umeshateremshwa kwenye gari. Halafu hawatengenezi: wanapiga alama ya rangi wanaondoka, fundi utamtafuta mwenyewe. Jumla ya gharama ilizidi kidogo ile bili mbaya, ila bado ni nafuu kuliko kung'oa na kurudishia pevingi yote.

Kama bomba lako ni fupi na linapita kwenye udongo mtupu, mpe kijana jembe, usijisumbue. Likiwa chini ya zege au pevingi, waite, ila kabla hawajaja wakubaliane nawe bei ya gesi kwa maandishi, na uwape ratiba ya mgao wa mtaa wako.