Bramble yangu kutoka kwa fundi wa Mji wa Kale

Kwa mtu aliyefanya kazi ya maboya Kilindini, jahazi la mapambo halitoshi. Nilitaka mfano wa Bramble, meli ya kuhudumia maboya ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, jinsi ilivyokuwa 1957. Fundi ana karakana kwenye kichochoro kinachoshukia Bandari ya Zamani. Nilimwachia picha na vipimo. Meli halisi ilikuwa na mita 55, yangu sentimita 55, mwili wa mwembe.

Alipofaulu hasa ni sitaha ya mbele. Ameiacha wazi na chini, karibu na maji, maana ndipo boya linapopakiliwa. Mkono wa kreni, ambao kwenye meli yenyewe ulibeba tani 20, unapanda na kushuka kweli. Mnyororo ni wa shaba, na mwishoni amefunga kijiwe cha zege, nanga ya boya. Aliyewahi kuona mnyororo wa boya ukikimbia sitahani anajua kwa nini hapo hapawekwi kitu kingine.

Omo, pua ya meli, amelichonga la kuvunjia barafu, kama inavyostahili. Meli za aina hii zilikuwa 39, zikajengwa wakati wa vita, karibu zote Duluth, kwenye Maziwa Makuu ya huko kwao. Bramble ilianza kazi 1944. Mwaka 1946 ilikuwa Bikini, visiwa vya Pasifiki, kwenye majaribio ya mabomu ya atomiki. Kisha 1957, pamoja na meli wenzake Spar na Storis, ikapita kaskazini ya Kanada katikati ya barafu, siku 64. Chombo cha kubadilisha taa na minyororo! Ilistaafu 2003.

Kasoro ni moja: alipaka ubavuni ule mstari mwekundu wa mshazari. Walinzi wa Pwani waliuanza 1967.

"Mwanangu, huu haukuwapo."

"Mzee, mbona picha zote za mtandaoni zinao?"

Ni za miaka ya baadaye. Akaupiga msasa, akapaka nyeusi tena, wala hakuniongezea hata shilingi. Ila juani kiraka kinang'aa kuliko rangi ya pembeni, na kwa shilingi 18,000 nilitarajia ubavu mzima upakwe upya.

Bado namsifu, mkono wake ni wa fundi hasa. Anataka nusu ya malipo kwanza. Ukimwagiza meli, mpe picha za mwaka uleule unaoutaka, na mpatane habari ya rangi kabla hajafungua kopo.