Babu wa Viridian City: uzoefu wangu na Pokémon FireRed hapa Moshi

Mpwa wangu ana miaka 8 na shule yake inafundisha kwa Kiswahili. Kiingereza anachokijua ni cha salamu, rangi na hesabu hadi mia. Kwa hiyo nilipomnunulia Game Boy Advance SP ya mtumba, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, na kaseti ya Pokémon FireRed, gemu la kukamata wanyama wa kubuni waitwao Pokémon na kuwapambanisha, nilikuwa na wasiwasi mmoja tu: gemu lenyewe limejaa maandishi, mtoto ataelewa nini? Nimekaa naye jioni tatu mfululizo pale Pasua, na nataka kuwaeleza wazazi wenzangu nilichokiona, hasa kwa babu mmoja ambaye wengi wanampita bila kumtazama mara mbili.

Babu huyu yupo Viridian City, mji mmoja ndani ya gemu. Mara ya kwanza unamkuta amelala katikati ya njia iendayo kaskazini, hapitishi mtu. Mjukuu wake wa kike yuko pembeni anaomba radhi: babu bado hajanywa kahawa yake. Nilipomtafsiria mpwa wangu hakuhitaji maelezo ya ziada. Alisema, "Kama babu wa Kibosho." Kweli, baba yangu akiamka haongei na mtu mpaka kikombe chake kiishe, na kahawa yenyewe ni ya mibuni yake mwenyewe. (Katika matoleo ya mwanzo ya Japani, ya mwaka 1996, mzee huyu alikuwa amelewa. Waliotafsiri kwa Kiingereza wakampa kahawa, nami nawashukuru.)

Unarudi kwa Profesa Oak, mtaalamu aliyekupa Pokémon wako wa kwanza, na mzigo wake, anakupa Pokédex (daftari la kuorodhesha Pokémon) na Poké Ball 5, yaani mipira ya kukamatia. Ukifika tena Viridian, babu ameshakunywa, amesimama, na ni muungwana kabisa. Anauliza kama unajua kukamata Pokémon, kisha anaamua kukuonyesha. Hapo ndipo niliposogeza kiti. Skrini inageuka kuwa pambano, Weedle, Pokémon wa aina ya kiwavi, anatokea kwenye majani, na babu ndiye anayecheza. Mfuko unafunguka wenyewe, Poké Ball inachaguliwa, inarushwa, inatikisika mara tatu, inafunga. Wewe hubonyezi chochote. Mpwa wangu aliondoa vidole kwenye vitufe, akaviweka juu ya magoti, akatazama mpaka mwisho. Hakusoma hata neno moja na alielewa mpira uko wapi na unarushwaje. Ni kama mtoto anavyojifunza kukoroga ugali, kwa kusimama karibu na anayeukoroga.

Lakini somo lile lina pengo, nalo lilitugharimu.

Mtoto aliingia kwenye msitu ulio kaskazini mwa mji akafanya kile kile alichokiona. Kila mdudu aliyetokea, mpira. Mitano yote ikaisha, akaambulia Caterpie mmoja, kiwavi mwingine. Mnyama wa sita kutokea alikuwa Pikachu, ambaye msituni mle ni wa nadra, na mfuko ulikuwa mtupu. Alinyamaza muda mrefu. Baadaye akauliza, "Mjomba, mbona kwa babu Weedle aliingia mara moja?"

Nilirudia lile somo kichwani ndipo nikaelewa. Kwa mdomo, babu anasema kwanza umdhoofishe Pokémon unayemtaka. Kwa mkono, anarusha mpira moja kwa moja kwa Weedle mwenye uhai kamili, na kwake mpira haukosi kamwe. Mtoto anayesoma Kiingereza anapata masomo yote mawili. Asiyesoma anapata la mkono tu, na la mkono ndilo lililopungua. Kwa hesabu za gemu lenyewe, Weedle ni wa kundi rahisi kuliko yote, na hata hivyo akiwa na uhai kamili mpira wa kawaida humkamata kama mara 1 kati ya 3. Pikachu akiwa mzima ni kama 1 kati ya 4. Mpunguze mpaka uhai ubaki chembe, Pikachu huyo huyo anakaribia 7 kati ya 10. Akiwa mzima lakini amelala usingizi, ile 1 kati ya 4 inaongezeka kama mara mbili.

Kwa hiyo nilikaa upande wake nikamalizia alichobakiza babu. Nilimwonyesha ule mstari wa uhai: kijani, Squirtle (Pokémon wake wa kwanza) apige Tackle, pigo lake la kawaida, njano, apige tena kwa tahadhari, nyekundu, acha, fungua mfuko. Dakika kumi zilitosha. Babu akimaliza somo hukupa pia Teachy TV, kifaa cha ndani ya gemu chenye vipindi vya kupigana, kukamata na mengineyo, unavyoweza kuvirudia wakati wowote. Ni kizuri, ila nacho kina maneno mengi, kwa mtoto kama wangu lazima mkubwa awepo.

Kuhusu ununuzi, muwe makini na kaseti. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa bandia. Baada ya siku mbili tukawasha, safari yote imefutika, na muuzaji alikataa kuipokea. FireRed halisi haitegemei betri kuhifadhi gemu, bandia nyingi zinaitegemea. Tazama chini, juu kidogo ya vile vyuma vya kaseti, utaona jina la Nintendo kwenye ubao. Lebo nayo huwa na namba iliyogandamizwa, ipapase kwa kidole. Chaja ya SP ni sawa na ya Nintendo DS ya kwanza, ukikosa moja uliza nyingine.

Nawapa nyota nne kati ya tano, gemu na babu kwa pamoja. Ile ya tano ningeitoa kama angempiga Weedle walau pigo moja kabla ya kurusha.

Juzi umeme ulikatika. SP ina mwanga wake, mpwa wangu akakaa barazani na mtoto wa jirani ambaye alikuwa anaijaribu kwa mara ya kwanza. Pikachu akatokea. Mwenzake alikuwa tayari ameshafungua mfuko, mpwa wangu akamshika kidole. "Subiri. Bado ni kijani." Wakapiga mara mbili. Aliingia kwenye mpira wa pili.