TAHADHARI: Unaenda kunywa chai, wao wanakubadilishia tairi (wenye STI na Evo Arusha/Moshi)

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa bado na hasira kwahiyo mtanivumilia, ila kama una Subaru STI, Mitsubishi Evo au gari yoyote ya mbio inayovuta tairi zote nne na unatafuta tairi hapa Arusha, soma hii kabla hujatoa hela.

Mimi nina Impreza STI ya 2004, inavaa 225/45R17. Zilizokuwepo ziliisha kashata zote nikawa natafuta nne mpya kwa mpigo. Kwenye duka la maana nilitajiwa bei nikatoka jasho, ndo dalali mmoja akanidaka nje akanipeleka kwa jamaa mmoja mjini hapa, jina sitaji sitaki kesi. Tairi zimepangwa mbele zinang'aa kama viatu vya bwana harusi, laki na themanini moja. Nikashika moja nikaisoma yote, saizi ile ile, 91W, tarehe 1423 yaani wiki ya 14 ya mwaka 2023. Nikajisemea leo nimeokota embe dodo chini ya mwarobaini.

Sasa ujinga wangu uko hapo, nilisoma MOJA. Zile tatu nikaziangalia tu kwa macho nikatuma 720,000 kwa M-Pesa, tena kwa namba ya mtu sio lipa namba, nikaandikiwa karatasi ya mkono badala ya risiti ya EFD (ile ya mashine ya TRA) na wala sikuuliza. Jamaa akaniambia kaka nenda kapate chai hapo kwa mama ntilie, vijana wanafunga nusu saa tu. Nikaenda. Chapati mbili na supu, zimenigharimu kuliko kitu chochote nilichowahi kula.

Jumamosi napanda Kibosho kumuona mzee. Kutoka Arusha gari nyepesi, nilipopita Usa River nikaanza kusikia mvumo kwa nyuma, nikasema labda barabara. Kwenye kona za kubana nikitoka sheli naona gari kama inajikamata. Karibu na Boma Ng'ombe taa ya joto la difu ya nyuma (gia inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma) ikawaka, nikapaki, kuna harufu ya oili imeungua na difu yenyewe huwezi kusogeza mkono. Nikaiacha ipoe nikajikokota hadi Moshi kwa fundi mmoja mzee anayezijua Subaru. Akapandisha gari, akapiga tochi, akacheka kwanza. "Kijana wangu, nani kakuvalisha mchanganyiko huu?"

Nyuma zote mbili ni 225/50R17. Kwa nje huoni, maana ukuta umezidi kama sentimita moja tu, ila tairi nzima inakuwa ndefu kwenda juu kuliko ya mbele kwa milimita 22 na kitu, na mzunguko wake unazidi kama sentimita 7. Kwa gari inayovuta mbele tu kama IST usingekufa leo. Kwa STI mbele na nyuma zimeungana kwenye difu ya kati, tairi zisipolingana mzunguko mfumo mzima wa kuvuta unahangaika kurekebisha kila sekunde hata ukienda barabara iliyonyooka, ndo joto linapotoka. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi kama milimita 6 hivi, mimi nimevalishwa 70!

Na bado. Hizo za nyuma ni herufi T, mwisho kilomita 190 kwa saa, wakati niliyoonyeshwa ni W, 270. Tarehe walizigeuzia ndani (ile namba kamili huwa inaandikwa upande mmoja tu wa tairi, wanalijua hilo vizuri), moja 2212 nyingine 0915. Ya mbele kulia saizi ni sawa ila imechongwa, kipara kimechimbwa mifereji upya na kisu cha moto kisha ikapakwa dawa ya kung'arisha. Fundi akanionyesha, chini kwenye mifereji vile vinundu vya kupimia tairi ikiisha, vya milimita 1.6, vimekatwa vyote. Tairi za malori zipo zinazoruhusiwa kuchongwa na zimeandikwa REGROOVABLE pembeni, hizi zetu ndogo hapana, ukichonga unakaribia nyuzi. Nzima ilikuwa ile ile moja niliyoishika.

Nilirudi jumatatu. Jamaa ananiangalia usoni, "kaka mzigo ukishatoka hapa haurudi, na hizo sio zangu". Simu ya dalali haipatikani mpaka leo.

Kwahiyo ukienda kununua soma zote nne, namba za saizi, herufi, tarehe, piga picha kila moja, alafu simama hapo hapo mpaka nati ya mwisho ifungwe, chai utakunywa nyumbani. Waambie tarehe ikae nje, kama tairi ina upande wake maalum wa nje basi isome kabla haijapanda kwenye rimu. Akikataa kutoa EFD ondoka tu.

Mimi nimebadilisha oili ya difu, bado nasikilizia kama imepona. Karatasi, picha na meseji ya M-Pesa ninazo, napeleka Tume ya Ushindani wiki hii. Kama na wewe ulivalishwa hivyo mjini njoo inbox na picha za tairi zako, tukienda wengi hatasema sio zake.