Big Ten au SEC: ushabikie ligi ipi?

Ubishi huu wa ligi mbili kubwa za futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo umechacha tangu 2024, vyuo vilipohama ligi kama wachezaji wakati wa usajili.

Tuanze na safari. SEC, ligi ya kusini, iliwachukua Texas na Oklahoma ikafika timu 16, zote kwenye majimbo yanayopakana. Shabiki anawasha gari na kuifuata timu yake. Big Ten sasa ina timu 18 (jina linasema kumi, hesabu wanaijua wenyewe), kuanzia Rutgers ya New Jersey hadi UCLA ya Los Angeles, ambako saa ziko nyuma kwa saa tatu! Ligi hizi zina michezo mingine pia, na wanaoumia zaidi ni mabinti wa voliboli, wenye mechi katikati ya wiki na mitihani ikiwasubiri.

Utani wa jadi? SEC. Texas na Texas A&M hawakuwa wamekutana tangu 2011; kuhama kukawarudisha uwanjani. Mataji, SEC ilitamba miaka mingi, kisha Michigan na Ohio State wa Big Ten wakabeba misimu ya 2023 na 2024. Kelele zikapungua.

Ukiishi Alabama au Georgia, SEC haikwepeki. Ukiwa mtu wa kuhamahama, leo Chicago, kesho Seattle, Big Ten utaikuta hukohuko. Shabiki wa Oregon State, uliyebaki ligi ya Pac-12 pamoja na Washington State tu wengine walipohama 2024, pole, wewe hukuulizwa.