Sahani ya Quimper au chungu cha konfi?

Kama unapenda vyombo vya zamani vya mashambani Ufaransa na hela inatosha kimoja tu, mi nakwambia hivi. Sahani za mji wa Quimper, kule Brittany kaskazini magharibi mwa Ufaransa, zinachorwa kwa mkono, yule mzee wa Kibretoni na suruali lake pana, maua pembeni, bluu na njano, ukigeuza nyuma ukakuta HenRiot, jina la kiwanda, ujue ni ya 1922 kuja huku maana kabla waliandika kifupi HR wakagombana na jirani zao wa HB, kiwanda kingine cha hapo hapo. Ila zinamomonyoka kingo balaa.

Chungu cha konfi, yaani nyama inayohifadhiwa kwenye mafuta, cha kusini magharibi mwa Ufaransa hakina mbwembwe, juu kina gilezi, ule mpako unaong'aa kama kioo, ya njano au kijani, chini udongo mtupu, kwa sababu kilikuwa kinafukiwa nusu ardhini kule stoo ili nyama ya bata iliyozama kwenye mafuta isiharibike, friji ilikuwa wapi enzi hizo! Mi nachukua chungu, hata kikiwa na mikwaruzo ndo kinapendeza zaidi. Weka maua makavu lakini, sio chakula, gilezi nyingi za zamani zina madini ya risasi.